Nywele zimeota, kichwa bado chaniwasha

Saa tisa za usiku ndo ilikuwa saa yake. Kila usiku nashtuka kucha ziko kichwani tayari, najikuna huku hata sijaamka vizuri, na mke wangu pembeni ananishika mkono anauvuta chini polepole, "Baba watoto, waacha damu kwenye mto." Na kweli asubuhi ukiiangalia foronya utaona vitone vya hudhurungi vimekauka, kama mtu amemwagia chai ya rangi. Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu nipandikize nywele. Kumi na moja! Na mimi nilikuwa nimeambiwa muwasho ni wiki mbili tu.

Naandika haya kwa urefu manake najua watu wa hapa Mombasa siku hizi wanakwenda Istanbul kule Uturuki kupandikiza, na wakirudi hawasemi, wanavaa kofia miezi kadhaa kisha unawaona wametoka na nywele. Mimi pia sikusema. Na kule kutosema ndo kulikonigharimu zaidi hata ya zile pesa.

Mimi nafanya kliarensi bandarini, upara kwetu ni wa ukoo, marehemu babangu alikuwa nao na ami zangu wote. Wangu ulianza nina miaka 27, kwanza pembe mbili za kipaji cha uso, kisha utosi ukafunguka, na nilipofika 35 nilikuwa siwezi kupigwa picha bila kofia. Najua kuna mtu atasema upara si ugonjwa, sawa, lakini mwenye kulala nao ndiye ajuaye unavyomkaa moyoni. Februari 2022 nikafunga safari. Nyumbani nikasema naenda Dubai kufuatilia mzigo wa mteja. Aliyejua ni mke wangu peke yake, hata mamangu nilimficha.

Operesheni yenyewe sitaikalia sana. Wananyoa kichwa chote, wanachora mstari wa mbele kwa kalamu, halafu sindano za ganzi, na hizo ndo uchungu wenyewe wa siku nzima. Kisha unalazwa kifudifudi wanaanza kutoa mizizi kisogoni mmoja mmoja kwa kijichuma cha mviringo ambacho upana wake haufiki milimita moja. Huumwi lakini wasikia, tk tk tk, ndani kabisa kwenye mfupa. Njia hii yaitwa FUE, tofauti na ile ya zamani ya kukata ukanda mzima wa ngozi nyuma na kushona. Mimi nilipandikizwa mizizi 2,800, kutoka asubuhi mpaka jioni.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia kabla sijalipa ni hiki. Nywele zetu hizi za kipilipili hazijajikunja juu tu, hata chini ya ngozi mzizi wenyewe umepinda, kwa hivo fundi aliyezoea nywele zilizonyooka akiingiza kijichuma chake wima anaweza kuukata mzizi katikati. Na zikija kuota tena, unywele uliopinda huweza kurudi kujichoma ndani ya ngozi ukafanya kipele. Mtu akiniuliza sai namwambia usiulize amefanya vichwa vingapi, uliza amefanya vingapi vya nywele kama zako na uonyeshwe. Na jua kwamba mzizi ukitolewa kisogoni pale ulipotoka hauoti mwengine, ile ni akiba na ikiisha imeisha.

Siku za mwanzo zilikwenda vile walivyosema. Kulala umeinua kichwa, kupuliza maji ya chumvi ya hospitali, kutoinama, mimi nikawa naswali nimekaa kwenye kiti chumba cha ndani mlango nimefunga. Magamba yaliwasha sana lakini huo muwasho una maana yake, kidonda kinapona, ngozi imekauka, na kufika siku ya kumi na nne yalikuwa yamedondoka yote. Kisha wiki ya tatu nywele zenyewe zilizopandwa zikaanza kudondoka na hilo pia nililijua, unywele unadondoka mzizi unabaki, mwezi wa tatu wa nne zinaanza kurudi. Zangu zilirudi. Kufika mwezi wa nane kipaji kilikuwa kimejaa, wallahi nilikuwa nasimama mbele ya kioo asubuhi mpaka nachelewa matatu.

Lakini muwasho haukwenda. Ulipungua kidogo mwezi wa pili ukarudi wa tatu na nguvu mpya. Nikawatumia picha wale wa kliniki ya Istanbul kwa WhatsApp, wakanijibu ni kawaida ndugu, subiri. Mwezi wa tano nikatuma tena, ni kawaida ndugu. Mwezi wa nane, ni kawaida ndugu. Mimi siwalaumu kwa jibu la kwanza, hilo lilikuwa sawa. Nawalaumu kwa la tatu, manake picha ya simu haionyeshi ngozi iliyo chini ya nywele, na mtu anayewashwa miezi minane hahitaji kuambiwa asubiri, anahitaji mtu amtenganishe nywele kwa mikono aangalie.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeficha, nikawa daktari wa nafsi yangu.

Nikaenda duka la dawa Mwembe Tayari nikasema kichwa chaniwasha, nikapewa krimu ya fangasi. Nikamaliza tyubu mbili. Nikarudi nikapewa nyingine yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, hiyo ikanituliza siku nne tano kisha nikiacha unarudi mara mbili. Nikachemsha majani ya mwarubaini nikawa naoshea kila Ijumaa. Na wakati wote huo nilikuwa bado napaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, asubuhi na jioni kama nilivyoandikiwa, ile ya maji maji, asilimia 5, na ikiingia nasikia moto lakini nikijiambia ndo dawa yafanya kazi.

Halafu mamangu. Mama hakujua habari ya Istanbul lakini ana macho, aliniona najikuna nikiwa nimekaa ukumbini kwake Kibokoni, akanambia, "Mwanangu, kichwa chako kimekauka, hicho chataka mafuta." Kesho yake akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi, akachuja tui zito, akaliweka jikoni moto mdogo likachemka mpaka maji yakaisha na mafuta yakajitenga juu, safi kama kioo, na chini ya sufuria yakabaki yale masalio ya hudhurungi ambayo sisi utotoni tulikuwa tukipigania kuyala na sukari. Akayatia kwenye chupa ya jemu. Akanikalisha chini miguuni pake mtu mzima mimi akanipaka kwa vidole vyake, pole pole, sehemu kwa sehemu, na mimi nilikuwa nimekaza shingo yote nikiomba vidole vyake visije vikapapasa kisogoni vikahisi kitu. Nilimpenda sana siku ile na nilimdanganya siku ile ile. Nikawa najipaka mafuta yake kila usiku, na kila usiku muwasho unazidi, na siwezi kumwambia mama mafuta yako yanizidishia.

Kinyozi ndiye mtu wa kwanza kujua. Ukikata nywele fupi nyuma zile sehemu zilizotolewa mizizi zinaonekana, nukta ndogo ndogo nyeupe, na kwenye ngozi nyeusi zaonekana zaidi. Akasimamisha mashine akasema kwa sauti ya chini watu wasisikie, "Ami, hizi huku nyuma nikufiche kidogo?" Nikakubali. Akachanganya piko akanipaka kisogoni, ile rangi nyeusi, ambayo bibi harusi hupakwa mkononi pamoja na hina. Jumamosi jioni hiyo. Jumatatu alfajiri niliamka jicho moja halifunguki, kipaji kimevimba kimeshuka juu ya macho, kisogo chote kinatoa maji. Mke wangu alilia. Simlaumu yule kijana, alitaka kunisitiri, na mimi sikumwambia kwamba ngozi ile tayari ni mgonjwa.

Hapo ndo nikapelekwa kwa daktari wa ngozi, mwezi wa kumi na nne, Aprili 2023. Na hata hapo, na uso umevimba vile, dakta akiniuliza, "Ushawahi kufanyiwa kitu chochote kichwani?" nikasema hapana. Akachukua kile kilenzi chake chenye taa akakigusisha kichwani akawa anasogeza polepole, kimya, akafika kisogoni akasimama. Akauliza bila ukali, "Kaka, hapa palitolewa nywele, sivyo?" Mke wangu akanitazama. Nikasema ndio. Mama alikuwa na msemo wake tangu tukiwa wadogo, mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimekaa pale kiti cha hospitali macho hayafunguki, nikaelewa hasa maana yake.

Aliyonieleza yule dakta ndo sababu ya mimi kuandika. Kwanza akanambia usiseme "muwasho" kana kwamba ni kitu kimoja, nieleze kila sehemu inawasha vipi. Nilikuwa sijawahi kuulizwa hivo. Nilipofumba macho nikafikiri, kumbe ilikuwa tofauti kabisa. Utosini ni kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, nakuna lakini mkono haufiki, na hapo hapo ukinigusa na pamba sihisi sawa sawa. Mstari wa mbele, nyuma ya masikio na kwenye nyusi ni mba, magamba ya manjano yenye mafuta. Mchomo wa moto ulikuwa unakuja kila nikishapaka minoksidili. Na kisogoni ni vipele, vingine na usaha, vya kuuma ukilalia.

Akanifafanulia kimoja kimoja. Ule wa sisimizi ni mishipa ya fahamu, ngozi ikitobolewa matundu maelfu vijishipa vidogo hukatika, na vinapojiunga upya huleta ganzi na kuwasha, kwa wengi huisha miezi michache lakini kuna anayekaa nao muda mrefu. Kuukuna hakusaidii manake shida haiko juu ya ngozi, bora kitambaa cha maji baridi ukibonyeze pale, na ukizidi zipo dawa za neva ambazo daktari huweza kukuandikia.

Ile mba ni dematitisi ya seboria. Kuna hamira ndogo yaitwa Malassezia inayoishi kwenye ngozi ya kila mtu, chakula chake ni mafuta, na ikizidi ngozi ya baadhi ya watu huikasirikia. Yani mimi kila usiku nilikuwa naipelekea karamu. Mafuta ya mama yalikuwa mazuri kabisa, yalikuwa tu yamewekwa mahali pasipofaa. Akaniuliza pia naoga maji gani. Mwenye kuishi mjini hapa anajua, maji ya mfereji yanakuja siku yakitaka, siku nyingine zote ni maji ya kisima, ya chumvi, sabuni haitoi povu. Mimi natia udhu mara tano kwa siku, napaka maji yale kichwani kisha navaa kofia juu ya unyevu, na Januari ile ya kaskazi hata usiku hakupoi. Joto, unyevu, chumvi iliyokaukia na kofia juu yake. Akanambia endelea na ibada yako ila kausha kichwa kabla hujavaa kofia, fua kofia mara kwa mara, na suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Tangu siku hiyo nanunua mtungi mmoja wa lita 20 kwa wale wa mikokoteni, ni wa kichwa peke yake, watoto hawaugusi.

Ule mchomo ulikuwa ni aleji ama muwako wa propilini glikoli, kitu kinachotiwa kwenye minoksidili ya maji ili dawa iyeyuke na ipenye. Kumbe kuna ya povu isiyokuwa nayo! Mwaka mzima najichoma na kulikuwa na chupa nyingine rafu hiyo hiyo. Na vipele vya kisogoni ni mizizi iliyoingiwa na bakteria na nywele zilizojipinda kurudi ndani, na kujikuna kwangu kwa kucha za usiku kulikuwa kunafungua mlango. Piko yenyewe ina kemikali ya PPD, ndo inayoipa ule weusi, hina ya kawaida ya majani haina, na mwili ukishaikataa mara moja hausahau, kwa hivo sipaki tena rangi nyeusi ya nywele ya aina yoyote kabla sijauliza ina nini.

Kisha akasema jambo ambalo lilinitoa jasho. Kwamba kuna ugonjwa si wa kawaida waitwa lichen planopilaris, kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele yenyewe, unawasha na kuchoma, na umewahi kuonekana ukianza baada ya kupandikiza. Unaua mzizi na kuacha kovu, na mzizi uliokufa hauoti tena. Kwa hivo hawezi kunambia ni mba tu mpaka ahakikishe. Akanitia ganzi akachukua kijipande cha ngozi cha milimita 4, akashona uzi mmoja. Nilingoja majibu siku tisa, na siku hizo tisa nilifikiria zile picha tatu za WhatsApp na zile "ni kawaida ndugu" tatu, kwamba kama ningekuwa nao nimeutunza miezi kumi na nne bila kujua. Majibu yalirudi sina. Alhamdulillahi. Lakini kuna mtu mwengine mahali anao na anaambiwa asubiri.

Matibabu yenyewe yalianza kwa kuacha. Kila kitu, wiki nne, hakuna mafuta, hakuna mwarubaini, hakuna minoksidili, hakuna krimu za duka la dawa. Vidonge vya uvimbe siku chache, antibayotiki ya vipele, losheni ya steroidi kwa siku kumi tu na onyo kwamba nisiiendeleze peke yangu manake hupunguza unene wa ngozi. Na shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, dawa ya kupunguza ile hamira, mara mbili kwa wiki. Hii watu wengi wanaikosea, mimi pia, nilikuwa natia nasuuza papo hapo. Yatakiwa ikae kichwani kama dakika tano kwanza, ifike kwenye ngozi si kwenye nywele. Mke wangu akawa ananiwekea saa ya simu nimekaa kwenye kigoda bafuni. Baada ya wiki nne ikawa mara moja kwa wiki. Kucha nakata kila Alhamisi na mwezi wa kwanza nililala na soksi safi mikononi.

Wiki ya tatu niliamka adhana ya alfajiri ishapigwa, nikaangalia foronya, nyeupe. Nikamwamsha mke wangu nimwonyeshe.

Kwa mama nilikwenda mwenyewe, mchana, nikamweleza yote, Dubai haikuwa Dubai. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Na mimi nikawa nakupaka juu ya kidonda." Hilo ndo lililomuuma, si uwongo wangu, si pesa. Nikamwambia mama hukujua, mimi ndiye sikukwambia. Akaomba aone. Nikainamisha kichwa akapitisha vidole kisogoni kwenye zile nukta, kidogo kidogo kama anayesoma, akauliza, "Hapa pia pauma?" Nikasema hapa sasa hapaumi. Ile chupa ya jemu akaichukua akaitia kwenye kabati la jikoni, siku hizi akipika wali huongeza kijiko.

Binamu yangu wa Likoni anataka kwenda mwaka huu. Alikuja dukani kwa jamaa yetu Majengo tukakaa baraza ya nje, kahawa ikapita, na mimi nikavua kofia mbele ya wote nikamwambia njoo huku kwenye mwanga. Nikamwonyesha mbele palivyojaa, sikumficha kwamba nafurahia nywele zangu. Kisha nikageuka nikamwonyesha nyuma. Nikamwambia kabla hujaenda nenda kwa daktari wa ngozi wa hapa hapa akiangalie hicho kichwa, kama una mba au vipele itibiwe kwanza, na ukiwa na tabia ya ngozi kufanya makovu ya kuvimba mwambie. Ukirudi, ikipita miezi mitatu bado wawashwa rudi kwa daktari yule yule umwambie ukweli siku ya kwanza. Akauliza kama ningerudia. Nikamwambia ningepandikiza, ndio, lakini nisingeificha.

Utosini bado kuna pahali pa ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini panawasha, hasa jioni za joto nikishuka feri na kofia imelowa jasho. Dakta ameshaniambia huenda pakabaki hivo. Navua kofia, nachukua leso nimeilowesha maji ya chupa, naibonyeza pale mpaka nihesabu mia, na mara nyingi sifiki mia.